Wenzangu wanataka nipande nao mlimani Jumamosi, na theluji iko daraja la 3

Shikamoo Mjomba,

Nimekuwa msomaji wako wa kimya kwa muda mrefu, leo imefika zamu yangu. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, umri miaka 34. Huu ni mwaka wangu wa sita hapa Aurora, Colorado, na ninafanya kazi hospitalini, zamu za usiku. Nilikua nikiitazama theluji ya Kibo kila asubuhi kutoka uani kwa bibi, lakini sikuwahi kuigusa mpaka nilipofika huku. Baba yangu mdogo alikuwa mpagazi wa mlimani, na alizoea kutusimulia kwamba theluji ukiishika inauma kama moto. Tulidhani anatutania.

Msimu wangu wa kwanza wa skii nilianguka mpaka watoto wa miaka mitano wakawa wananizunguka kama nguzo ya umeme. Sasa niko msimu wa nne. Njia za bluu, zile za ugumu wa kati, nashuka bila wasiwasi, na nyeusi kadhaa, zile ngumu, nikijikaza. Ninachoshindwa ni gharama na foleni. Tiketi ya lifti ya siku moja inameza mshahara wa zamu nzima, na barabara ya I-70 Jumamosi asubuhi ni Ubungo ya saa kumi na moja jioni.

Wenzangu watatu wa kazini hawaendi tena kwenye vituo vya skii. Wanakwenda porini. Wanabandika ngozi chini ya skii zao, wanapanda mlima kwa miguu yao wenyewe, wakifika juu wanazibandua na kushuka kwenye theluji ambayo hakuna aliyeikanyaga. Picha zao zinanikosesha usingizi wa mchana. Wamenialika twende nao Jumamosi hii, Berthoud Pass, njia ya juu inayokatiza milimani. Anayewaongoza amekuwa akienda huko kwa miaka 10, na ameniambia nisiwe na shaka: "Wewe fuata nyayo zetu tu."

Nimeshanunua bikoni, kile kifaa cha mawimbi cha kumtafutia mtu aliyefukiwa na poromoko la theluji. Ni ya mtumba, dola 60. Beleshi nitaazima. Glovu za kupasha moto kwa betri ninazo, maana vidole vyangu bado ni vya Moshi.

Lakini roho haijatulia. Nimesoma utabiri wa maporomoko wa jimbo, umeandika daraja la 3 kati ya 5, na Alhamisi inatarajiwa theluji nyingi. Nilipomuuliza kiongozi wetu alicheka akasema 3 ni katikati, na katikati ni kawaida. Mke wangu amenuna. Anasema hakuvuka bahari kuja kuwa mjane wa theluji.

Kuna jambo lingine naona haya kulisema. Katika kundi lile mimi ndiye Mwafrika peke yangu. Wananitania kuhusu Waafrika na baridi, si kwa ubaya, lakini wananitania. Nikisema siendi, najua neno litakalofuata, na sitaki kuwa mtu wa kuambiwa neno hilo.

Nisaidie Mjomba. Vifaa nilivyonavyo vinatosha? Hiyo 3 maana yake nini? Na kama siendi Jumamosi, nianzie wapi?

Mpwa wako, Aurora

*

Marahaba, mpwa wangu.

Usiende Jumamosi hii. Jibu hili nimekutumia tangu Jumatano usiku, kabla wasomaji wengine hawajaliona, kwa sababu poromoko halisubiri safu ichapwe.

Nianze na hiyo 3. Wewe umesomea kazi za hospitali, kwa hiyo usiisome kama alama za mtihani ambapo 3 kati ya 5 ni wastani. Isome kama kipimo cha maumivu kwa mgonjwa anayeficha. Daraja la 3 maana yake ni kwamba poromoko linaweza kuanza lenyewe, na la kuanzishwa na mtu lina uwezekano mkubwa. Wengi wanaokufa, wanafia kwenye daraja hilo hilo. Likifika 4 au 5 theluji inajitangaza yenyewe, mlima unanguruma, watu wanabaki nyumbani. Kwenye 3 jua limetoka, theluji ni mpya na laini, kila kitu kinakuita. Na shika hili pia: katika ajali zaidi ya tisa kati ya kumi zinazoua, aliyeanzisha poromoko ni marehemu mwenyewe au mtu wa kundi lake. Kwa hiyo usifikirie jiwe linalomwangukia mpita njia. Fikiria mtu anayekata tawi alilolikalia.

Colorado ina ugonjwa wake mahususi, na usipouelewa hutaelewa kwa nini nimekukataza haraka hivyo. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja theluji huanguka kidogo, kisha zinafuata wiki za anga jeupe na baridi kali. Chini, ardhi bado ina vuguvugu. Juu kuna barafu. Mvuke unapanda kutoka chini kupitia ile theluji nyembamba na kuzigeuza chembe zake kuwa kubwa, kavu, zisizoshikana. Ukizichota mkononi zinamwagika kama sukari. Halafu dhoruba kama hiyo ya Alhamisi inakuja na kulaza bamba zito juu ya sukari ile, na upepo unaongeza theluji nyingine upande ulio kinyume na unakotokea. Sasa una meza ya kioo iliyowekwa juu ya gololi. Inasimama vizuri kabisa mpaka mtu wa kilo 75 aikanyage pale ilipo nyembamba. Tabaka la namna hiyo linaweza kukaa wiki nyingi likisubiri, hata baada ya dhoruba kusahaulika.

Mimi mlio wake nimewahi kuusikia. Tulikuwa wanne, tunapanda msituni mahali pasipo na mwinuko wa kutisha, ghafla theluji yote iliyotuzunguka ikashuka kidogo na kutoa sauti kama gunia la mahindi lililodondoshwa chumba cha pili. Hakuna kilichoporomoka, kwa sababu pale tuliposimama palikuwa karibu tambarare. Hatukujadiliana. Tuligeuza skii na kurudi kwenye gari, na mmoja wetu alitapika maegeshoni. Ukisikia mlio huo, au ukiona ufa unakimbia kwenye theluji kutoka kwenye ncha ya skii yako, au ukiona poromoko bichi mlima wa jirani, mlima umeshakujibu. Utabiri wa kwenye simu hauhitaji kukuongezea kitu.

Sasa huyo kiongozi wenu wa miaka 10. Simjui, na huenda ni mtu mwema na fundi wa kushuka. Lakini theluji haisomi wasifu wa mtu. Mtafiti mmoja Mmarekani, Ian McCammon, alipitia ajali zaidi ya 700 za Marekani za kuanzia mwaka 1972 hadi 2003, akagundua jambo linaloudhi: mahali wanapopazoea, watu waliosomea maporomoko walijiweka hatarini sawasawa na wasiosoma kitu. Mazoea yalikuwa yamefuta masomo. Mtu akipita mteremko mara hamsini bila kudhurika anadhani ameujua, kumbe huenda mara kumi kati ya hizo alinusurika kwa sentimita chache, na hakuna aliyemwambia. Kauli ya "3 ni kawaida" inatoka hapo. Na "fuata nyayo zetu" ni ushauri mbaya kuliko unavyosikika, kwa sababu bamba linaweza kumvumilia wa kwanza na wa pili likavunjika kwa wa tatu. Wa tatu au wa nne, kwa kawaida, ndiye mgeni.

Nitakupa kisa kimoja, kilichotokea si mbali na hapo mnapotaka kwenda. Tarehe 20 Aprili 2013, watu sita walitoka karibu na Loveland Pass, sehemu inayoitwa Sheep Creek. Hawakuwa wanafunzi. Bikoni walikuwa nazo, utabiri waliujua, na walikuwa wamepanga kuvuka haraka sehemu ya hatari wakiachiana nafasi ili wafike kwenye miti. Walikuwa bado chini, wanapanda, bamba lilipokatika juu yao. Wote sita walikumbwa. Watano walikufa. Aliyepona alifukiwa akabakiwa na nafasi ya kupumua, na alikaa hivyo saa kadhaa mpaka walipofika waokoaji, kwa kuwa katika kundi lake hakuna aliyebaki juu wa kumchimbua.

Hapo ndipo swali lako la vifaa linapopata jibu. Bikoni unayoivaa haikulindi wewe. Inawasaidia wenzako kukupata, na ile waliyovaa wao inakusaidia wewe kuwapata wao. Mtu aliyefukiwa kabisa, kama hakuuawa na mti au jabali njiani, ana nafasi nzuri ya kuishi akitolewa ndani ya dakika 10 za kwanza. Zikipita 30, wanaobaki hai ni kama theluthi. Helikopta haifiki kwa dakika 10. Mnaofika ni nyinyi mliobaki juu, na ndiyo maana mnavuka mteremko mmoja mmoja huku wengine wakitazama kutoka mahali salama.

Hiyo bikoni ya dola 60 nina wasiwasi nayo. Bikoni za sasa zote, na za zamani nyingi isipokuwa zile kongwe kabisa, zinaongea kwenye masafa ya kilohezi 457, kwa hiyo huenda itasikika. Lakini za zamani nyingi zina antena moja au mbili, na kumtafutia mtu inakuwa kama kumsaka mbuzi gizani kwa kufuata kengele. Za sasa zina antena tatu, zinakuonyesha mshale na umbali. Fungua pia mlango wa betri. Ukikuta ukungu wa kijani au mweupe kwenye vyuma, usiipeleke mlimani hata siku moja. Beleshi usiazime tu lolote. Liwe la chuma, siyo plastiki, kwa sababu theluji ya poromoko ikishasimama inaganda kama zege, na kumfikia mtu aliye mita moja chini kunaweza kudai kuchimba zaidi ya tani moja. Na umesahau kitu cha tatu, ile fimbo ndefu ya kukunjwa, mita 2.4 hadi 3, ya kudungia theluji pale bikoni inapoonyesha namba ndogo kabisa. Bila fimbo hiyo utachimba kando ya mtu huku dakika zikiisha.

Glovu zako za betri zimenichekesha, kisha zikanitisha. Umeme wake unavuruga bikoni. Simu nayo vilevile. Kanuni inayofundishwa ni sentimita 20 kati ya bikoni na kifaa chochote cha umeme unapotembea, na sentimita 50 unapomtafuta mtu. Nunua glovu nene za kawaida za sufu na ngozi. Vidole vya Moshi vitazoea, vyangu vya Tanga vimezoea.

Tuje kwenye kuanza, maana sitaki udhani nimekufungia mlango. Kupanda kwa ngozi ni jambo la raha kuliko lifti zote za Colorado. Zamani ngozi hizo zilikuwa za sili kweli, leo ni za nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora, na vinyweleo vyake vinateleza kwenda mbele na kugoma kurudi nyuma. Kujifunza kuzitumia hakuhitaji mlima wa hatari. Vituo vingi vya skii hapa Colorado vinaruhusu watu kupanda kwa ngozi pembezoni mwa njia zao, kila kimoja kwa sheria zake: kibali, saa maalumu, njia maalumu. Huko theluji imeshashughulikiwa na wenye kituo. Soma sheria hizo kwa makini na usipande usiku saa ambazo wamekataza, kwa sababu mashine za kusawazisha theluji hufungwa kwa waya wa chuma unaovuka njia gizani, na waya huo umewahi kuua. Kodi vifaa kwanza, usinunue. Utajifunza kugeuka ukiwa unapanda, jambo ambalo litakuangusha mara nyingi kuliko ule msimu wako wa kwanza, na utagundua kwamba kupanda kunakutoa jasho hata kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Vaa kidogo kuliko unavyodhani.

Masomo yafuate hapo hapo, msimu huu huu. Kuna mihadhara ya bure ya saa moja hivi inayofanyika majira ya baridi, na mingine iko mtandaoni. Baada ya hapo tafuta kozi ya daraja la kwanza, ile ya siku tatu yenye siku za mlimani, na ile ya siku moja ya uokoaji peke yake. Zinagharimu mamia ya dola, najua, na najua pia kwamba nyumbani kuna watu wanasubiri utume pesa. Lakini umenilalamikia bei ya tiketi za lifti, basi zigeuze tiketi za mwezi mmoja kuwa kozi.

Ukishasoma, safari za mwanzo ziwe kwenye miteremko ambayo mwinuko wake hauzidi nyuzi 30. Maporomoko ya mabamba huzaliwa zaidi kati ya nyuzi 30 na 45, na yanapendelea 38 hivi, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo nyuzi zinazopendeza kushuka. Simu yako inaweza kupima mwinuko, na ramani za mtandaoni kama CalTopo zinaupaka rangi. Ila usiangalie tu pale unaposimama. Tazama juu. Uwanda laini wenye ukuta wa nyuzi 38 juu yake ni mahali pa kufia, kwa kuwa kwenye sukari ile unaweza kuuvunja mteremko wa juu huku umesimama chini yake. Hao sita wa Sheep Creek, kumbuka, walikuwa bado wanapanda.

Kuhusu Berthoud yenyewe, usidanganyike na barabara kuu inayopita katikati yake. Zamani palikuwa na kituo cha skii chenye lifti, kikafungwa miaka ya mwanzo ya 2000. Lifti ziliondoka, na waliokuwa wakiilinda miteremko ile wakaondoka nazo. Pia ni mita 3,450 hivi, na wewe unatoka zamu ya usiku. Mtu asiyelala haamui vizuri, hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Sasa aibu. Nimeiacha mpaka hapa kwa sababu naamini ndiyo barua yenyewe, mengine uliyaweka kuifunika. Mpwa wangu, wewe umetoka mahali ambapo jambo hili lilishapatiwa ufumbuzi. Mzungu akija Machame, awe ni mwanajeshi, awe amekimbia marathoni ishirini, hapandi Kilimanjaro bila mwongozaji mwenye leseni. Akifika kambi ya Barafu, mwongozaji akimpima oksijeni na kuona haifai, anamgeuza. Baba yako mdogo amewaona wangapi wakishushwa hivyo? Je, kijijini kulikuwa na mtu aliyewacheka kwamba Wazungu hawajui mlima? Hakuna. Mlima ni wa wenyeji, mgeni anafundishwa, basi. Huku wewe ndiye mgeni, na mgeni ana haki ya kufundishwa kabla ya kupandishwa.

Na kama wanataka mfano wa Mwafrika kwenye theluji, wakumbushe Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki mbio za skii za kilomita 10 huko Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho. Bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norway, alibaki kwenye mstari akimsubiri, akamkumbatia. Boit alifika polepole, lakini alifika, na aliendelea kurudi kwenye mashindano.

Usitume udhuru. Usiseme mtoto anaumwa, usiseme umebadilishiwa zamu, kwa sababu wiki ijayo watakuuliza tena na utatafuta uongo mwingine. Waandikie hivi: "Siji Jumamosi. Ni daraja la 3, theluji mpya juu ya tabaka bovu, na sijasoma kozi wala sijafanya mazoezi ya bikoni. Nikimaliza kozi nitakuja. Kabla ya hapo nani atafanya nami mazoezi ya kutafuta bikoni iliyofukiwa bustanini?" Swali hilo la mwisho ndilo kipimo chako. Mwenzi wa mlimani anayefaa atasema, twende Jumanne. Akikujibu kwa utani kuhusu Waafrika, umeokoa zaidi ya Jumamosi moja. Na katika kundi lolote utakaloingia baadaye, uliza kabla hamjatoka kwenye gari kama mmoja akisema turudi, wote wanarudi bila mjadala. Wakisita kujibu, rudi nyumbani kwa basi.

Mkeo nampa pole, na nampa kazi. Siku utakapokwenda kweli, umwachie karatasi: mnapanda wapi, mnashukia wapi, gari limeegeshwa wapi, mko nani na nani, na saa ambayo ikipita hujapiga simu yeye anapiga 911, namba ya dharura. Mwonyeshe utabiri wa asubuhi hiyo na umweleze kwa maneno yako kwa nini mteremko mliouchagua unafaa. Ukishindwa kumweleza akaelewa, basi na wewe hujaelewa.

Jumamosi hii nenda kituoni, kodi skii na ngozi, pandisha pembezoni mwa njia ya bluu mpaka miguu itetemeke, shuka, kunywa chai. Foleni ya I-70 utaikuta pale pale, na kwa hiyo sina dawa.

Mjomba wako